Nani Analipa Hizi Pesa?

Mimi ndiye mtu ambaye ukoo mzima humtumia linki. Sikupigiwa kura, ilitokea tu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, nikaanza kuwaandikia watu wa ng'ambo makala za mtandaoni, na kwa kuwa nashinda nyumbani na laptopu, jamaa zangu waliamua kwamba mimi ni mtu wa kompyuta. Tokeni za stima zikikataa kuingia, naulizwa mimi. Simu ikijaa picha, mimi. Na tovuti mpya ikizuka ikiahidi kwamba ukijiunga leo utaanza kulipwa kesho, linki inanifikia na swali lilelile: "Hii ni ya ukweli?"

Nimefungua nyingi mpaka sasa naziona kama matatu za ruti moja. Rangi tofauti, muziki tofauti, safari ni ileile. Wacha nieleze zinavyofanya kazi, kwa sababu ukishaona injini yenyewe huhitaji kukariri orodha ndefu ya dalili.

Kujisajili ni bure. Unaweka jina, nambari ya simu na nenosiri, na papo hapo unafunguliwa ukurasa mzuri wenye salio lako. Salio tayari! Bonasi ya kukukaribisha, tuseme shilingi 150. Moyo unaruka kidogo. Unabonyeza kitufe cha kutoa pesa, na hapo ndipo unaambiwa akaunti yako bado haijaamilishwa. Lipa 600 kwanza. Ukilipa, unapewa kazi: kutazama matangazo, kujibu maswali mepesi, kuzungusha gurudumu la bahati, kuposti picha ya bidhaa fulani kwenye status yako ya WhatsApp. Kwenye skrini kazi hizo zinalipa vizuri sana. Shida ni kwamba salio la matangazo lina kiwango cha chini ambacho hujafikia, au hutolewa Jumanne peke yake, au linataka uwe umenunua kifurushi cha juu zaidi. Salio moja tu ndilo hutoka bila maneno mengi: lile la watu uliowaleta.

Hapo chukua kalamu. Umelipa 600. Kwa kila mtu unayemleta unapewa 250. Wawili ni 500, bado uko kwa hasara. Watatu ni 750, sasa umepata faida ya 150. Kwa hivyo kila anayeingia anahitaji watatu, na kila mmoja wa hao watatu anahitaji watatu wake. 3, 9, 27, 81. Inaonekana ni mchezo. Ikifika hatua ya 10, wageni wanaohitajika ni 59,049. Hatua ya 16, wanahitajika 43,046,721. Sensa ya 2019 ilitupata Wakenya milioni 47.6, ukihesabu watoto wanaonyonya na wazee wasiomiliki simu. Kuna tovuti zinazokuongezea vijisenti vya ngazi ya pili na ya tatu. Hizo hubadilisha hesabu kidogo tu, mwisho haubadiliki. Injini inazimika njiani, na siku inapozimika, walioingia mwisho huwa karibu mara mbili ya wote waliowatangulia. Hao ndio wanaobeba hasara.

Ndiyo maana mimi huanza na swali moja kabla ya mengine yote: nani analipa hizi pesa? Dukani, mnunuzi ndiye analipa. Redioni, mwenye tangazo ndiye analipa. Kwenye hii tovuti, ni nani? Wakisema ni kampuni za matangazo, nitajie hata moja, nione tangazo lake. Ukikosa kumwona mtu yeyote wa nje anayeleta hela, basi hela ni zenu. Mnazungushiana wenyewe kwa wenyewe, na mwenye tovuti anakata chake kila zinapompitia.

Ujanja huu ni mzee kuliko intaneti. Mwaka wa 1920 kule Boston, Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Kuponi zilikuwepo kweli. Biashara ndiyo haikuwepo. Aliwalipa wa kwanza kwa pesa za waliofuata, hadi wa kufuata wakaisha. Hapa kwetu, waulize wazazi kuhusu mwaka wa 2007, wakati miradi ya piramidi ilipoporomoka na watu wakabaki wameshika risiti mbele ya ofisi zilizofungwa.

Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa. Sisemi moja ilileta nyingine. Nasema tu kwamba zamani ilibidi mtu avae, apande gari, apige foleni na kukabidhi noti kwa mkono wake, na njiani angeweza kukutana na mtu wa kumuuliza, "Unaenda wapi na hizo pesa?" Siku hizi kati ya wazo na malipo kuna tarakimu nne za siri. Unaweza kuingizwa piramidini ukiwa kitandani, na hakuna mtu atakuuliza kitu.

Watu hupenda kufunga hadithi kama hizi kwa methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi sikubali. Wengi wanaonitumia linki hawatafuti gari. Wanatafuta 800 ya kumalizia kodi ya nyumba, nauli ya kwenda intaviu, unga. Tena angalia sentensi ya kwanza ya tovuti hizi: hakuna digrii inayohitajika. Mimi nisiye na digrii naijua nguvu ya sentensi hiyo. Ukishinda miaka ukisoma matangazo ya kazi yanayotaka digrii na uzoefu wa miaka mitano, halafu siku moja mtu akuambie karibu ndani hivyo ulivyo, unasikia ni kama umeitwa kwa jina lako.

Na uongo huu unaaminika kwa sababu umepanga karibu na ukweli. Kazi za mtandaoni zipo. Mimi nakula kwazo. Nimeandika maelezo ya mikeka ya yoga, chakula cha mbwa, na viti vya ofisi ambavyo sitawahi kukalia. Nimecheleweshewa malipo, nimerudishiwa kazi mara nne kwa sababu ya koma. Kuna majukwaa yanayokata asilimia ya ninachopata, na mengine yanauza nafasi za kuomba kazi. Sawa, yanasema wazi tangu mwanzo, na mwishowe anayenilipa ni mteja mwenye bidhaa yake. Hakuna siku mshahara wangu umetoka kwenye mfuko wa mtu mwingine anayetafuta kazi kama mimi. Hiyo ndiyo tofauti.

Nikipata linki, natumia kama dakika kumi kabla sijaandika jina langu popote. Kwanza naangalia umri. Anwani ya tovuti ina tarehe ya kuzaliwa. Kuna huduma ya bure inaitwa WHOIS: unaandika anwani, inakuonyesha ilisajiliwa lini. Zinazoishia kwa .ke zinasimamiwa na KeNIC, na kwao pia unaweza kuulizia. Jina la mmiliki mara nyingi hufichwa, na hilo peke yake si kosa, hata watu waaminifu hujificha. Tarehe ndiyo naitaka. Tovuti inayojigamba kwamba imewahudumia Wakenya tangu 2015, na anwani yake ina wiki tano, imeshanijibu. Halafu napitia Wayback Machine, hifadhi inayotunza nakala za kurasa za zamani, nione mwaka jana palikuwa na nini pale. Kuna siku nimekuta palikuwa duka la viatu.

Pili, sidanganywi na kufuli. Wengi tulifundishwa kwamba ukiona alama ya kufuli au herufi https, uko salama. Kufuli inasema tu kwamba unachoandika hakitasomwa na mtu wa katikati. Haisemi chochote kuhusu tabia ya anayekipokea. Cheti hicho hupatikana bure, kwa dakika chache, na mwizi anakipata sawasawa na benki. Umefungiwa chumbani vizuri sana, lakini pamoja na nani?

Tatu, siogopi karatasi. Utaonyeshwa picha ya cheti cha usajili wa kampuni chenye nembo ya taifa. Kusajili kampuni hapa Kenya ni jambo la kujaza fomu kwenye eCitizen, na kusajiliwa si leseni ya kuchukua pesa za watu. Anayekusanya pesa za umma akisema atawawekezea anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sacco inayopokea amana inapaswa kuwa chini ya SASRA. Wote wawili huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Kuangalia orodha hakugharimu kitu ila data kidogo.

Nne, nasoma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kampuni inasema ina ofisi London na Dubai, lakini ada ya kujiunga inaenda kwa nambari ya simu ya mtu, na wiki ijayo itakuwa nambari ya mtu mwingine. Ofisi zote hizo zimekosa hata akaunti moja ya benki?

Tano, natafuta mlango wa kutokea kabla ya kuingia. Nikijiunga, nitatokaje? Kitufe cha kufuta akaunti kiko wapi? Masharti ya kutoa pesa yameandikwa mahali, ama ni admini wa Telegram ndiye huyatangaza kila Jumatatu? Na wanataka nini kutoka kwangu? Nikiona tovuti ya kutazama matangazo inaitisha picha ya kitambulisho mbele na nyuma, pamoja na selfi nikiwa nimekishika, nafunga. Shilingi 600 zikienda zimeenda. Kitambulisho kikienda, kinaweza kutumiwa kwa jina lako miaka mingi baadaye. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa kufanya nini na kuomba ifutwe, na kuna Kamishna wa kupokea malalamiko. Lakini utamlalamikia nani ikiwa hata aliyeichukua humjui?

Kuna vitu vidogo pia. Saa inayohesabu kurudi nyuma, "nafasi 7 zimebaki, dakika 14": nafungua ukurasa upya, na saa inaanza tena mwanzo. Nyuso za washindi: natafuta picha hizo kwenye Google, na yule "Mama wa Kitengela" anayetabasamu ninamkuta kwenye tangazo la dawa ya meno huko ng'ambo. Sifa za mtandaoni: nikikuta mtu ameisifu tovuti halafu chini ameacha linki yake ya kualika watu, huyo simhesabu, yuko kazini.

Kitu kimoja sikiangalii: urembo. Nimeona tovuti za sacco za watu waaminifu kabisa zikiwa na maandishi ya manjano juu ya kijani na picha ya mwenyekiti iliyovutwa mpaka akanenepa. Na ada ya uanachama yenyewe si dhambi. Chama kina ada, maktaba ina ada, timu ya mtaani ina ada. Zote zinakuambia unalipia nini, unapewa risiti, na ukichoka unajua mlango.

Hayo yote ni mepesi, yeyote mwenye simu anaweza kuyafanya. Kinachonishinda mimi hakimo kwenye skrini.

Mwaka juzi shangazi yangu, ambaye ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wawili, alinitumia linki saa nne usiku. Chama kilikuwa na shilingi 24,000 za mzunguko zikingoja zamu ya mmoja wao aliyekuwa na mtoto wa kuingia kidato cha kwanza. Kulikuwa na pendekezo: pesa ziingizwe kwenye tovuti fulani wiki tatu tu, zizae, kisha mtoto apelekwe shule na kila mtu abaki na kitu. "Baba, hebu niangalilie hii," shangazi aliandika.

Nikaangalia. Anwani ilikuwa na siku 40. Malipo yalienda kwa nambari ya mtu binafsi. Nikampigia, nikamweleza polepole, kipengee kimoja baada ya kingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akauliza:

"Kwa hivyo unasema mama wa kwaya ni mwizi?"

Sikuwa nimemtaja mama wa kwaya. Sikujua hata kwamba yeye ndiye aliyeileta. Lakini hapo nikaelewa nilikuwa najibu swali ambalo sikuulizwa. Linki haiji peke yake, inaletwa na mtu. Huyu alikuwa mtu aliyempelekea shangazi uji hospitalini wiki nzima, akakaa naye usiku wa matanga ya mumewe. Kumkatalia tovuti ilikuwa kama kumrudishia uji wake. Na wenye tovuti wanalijua hilo vizuri. Ndiyo sababu hawahangaiki na matangazo ya runinga. Wanakulipa 250 uwauzie jinsi watu wanavyokuamini, na hiyo ni bei ya kutupa.

"Hapana, Anti," nikamwambia. "Mama wa kwaya hajadanganya. Si amelipwa?"

Alikuwa amelipwa kweli. Aliweka 2,000, akatoa 2,600, na skrinshoti ya M-Pesa haikuwa ya kutengenezwa. Anayelipwa mapema ndiye tangazo. Anasema ukweli mtupu kuhusu kilichompata, na ushuhuda wa mtu mkweli unauza kuliko maneno ya tapeli yeyote. Nikamwomba shangazi afanye jambo moja tu: amwambie mama wa kwaya ajaribu kutoa kila kitu, mpaka salio lisome sufuri, halafu ndipo wazungumzie pesa za chama.

Walikutana Jumapili. Mama wa kwaya alikataa kutoa, alisema atapoteza ngazi yake. Wakapiga kura, saba kwa tano, pesa za chama zikabaki benki. Wale watano waliingiza zao wenyewe. Kabla ya mwezi kuisha, tovuti ilianza kuitisha "ada ya uhakiki" ili mtu atoe salio, halafu ukurasa ukaacha kufunguka, na admini akatoka kwenye kundi bila hata kuaga.

Mtoto aliingia kidato cha kwanza. Hakuna aliyesherehekea. Wale watano hawakuwa na mtu wa kumdai isipokuwa aliyewaleta, na mama wa kwaya akaacha kuja kwenye chama, baadaye hata kwaya. Shangazi ndiye aliyemfuata nyumbani, na sukari kilo mbili na unga. Nilimuuliza walizungumza nini. "Hatukuzungumza hiyo maneno," akasema. "Tulichambua mboga."

Nimefikiria hizo mboga mara nyingi. Tovuti ilizikwa na jina lake. Aliyeisimamisha labda alishasimamisha nyingine. Aliyebaki mtaani akikutana macho na wadeni wake kila akienda dukani ni yule aliyeamini mapema na kuwapenda wenzake vya kutosha kuwaalika. Chama hakina mtaji mwingine zaidi ya kuaminiana, na huo ndio uliotolewa kwenye M-Pesa 250 kwa 250.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kujibu. Sianzi tena na "huu ni utapeli," hata nikiwa na hakika. Mtu akisikia hivyo, analazimika kuchagua kati yangu na rafiki yake, na mimi nitashindwa, kwa sababu mimi sijawahi kumpelekea mtu uji. Nampa maswali aende nayo mwenyewe. Nani analipa hizi pesa? Umewahi kutoa zote? Usipomleta mtu yeyote, utapata ngapi? Mtu akijijibu mwenyewe haaibiki, na akirudi kwa aliyemletea linki, anarudi akiwa na swali. Hajaenda kumshtaki.

Na kama wewe ndiye uliyeleta, na sasa usingizi umeanza kukataa, waambie leo. Usingoje urudishe zako kwanza, maana kungoja huko kunalipwa na watu watatu wengine. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, piga skrinshoti za kurasa kabla hazijazimwa, mripoti polisi. Halafu ingia kwenye kundi ulilowaalikia na uandike kwa maneno yako ya kawaida kwamba umejaribu kutoa na imekataa, msiongeze pesa. Watakaokasirika watakasirika. Wale ambao hawajaingia hawatakushukuru, kwa sababu hawatajua walikuwa wamekaribia kiasi gani. Andika tu, utume.